Jina la kikoa: Je, mfanyabiashara mkongwe wa Rhamu ana haja ya kununua neno ‘vitunguu’?

Juma lililopita nilipigiwa simu na kijana mmoja niliyewahi kumfundisha isimu miaka kadhaa iliyopita. Siku hizi anaishi Eastleigh, Nairobi, lakini kwao ni Rhamu, mji ulio kandokando ya mto Daua katika Kaunti ya Mandera, ng’ambo tu ya Ethiopia. “Mwalimu, asalaam aleikum,” alianza, “nina swali. Ni la Kiswahili, lakini pia ni la pesa.” Nilicheka, kwani maswali ya Kiswahili yanayoletwa kwangu aghalabu hayana pesa ndani yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Abti wake, yaani mjomba kwa Kisomali, amefanya biashara Rhamu kwa zaidi ya miaka 20. Hununua vitunguu, nyanya na ndizi kutoka kwa wakulima wanaonyunyizia mashamba kwa maji ya Daua na kuyapeleka masoko ya mbali. Jina lake nalihifadhi, tumwite Hassan. Ametokea mtu wa Nairobi anayetaka kumuuzia jina la kikoa, ile anwani ya kwenye intaneti, lenye neno ‘vitunguu’ ndani yake. Bei aliyotajiwa ingemnunulia ngamia. Mwuzaji anamwambia kwamba yeyote atakayetafuta vitunguu kwa simu, popote alipo, ataangukia kwake. Mpwa anataka anunue. Mzee anauliza: “Mimi si najulikana tayari? Nikiitwa Vitunguu, Hassan ataenda wapi?”

Swali la mzee huyo lina umri mkubwa kuliko intaneti. Ni swali la kama biashara ijiite kwa neno la wote, yaani nomino ya kawaida inayotaja bidhaa, au kwa jina la mmoja, nomino ya pekee. Wanasarufi tumezoea kutofautisha aina hizo mbili darasani na kuendelea na somo. Wafanyabiashara, wao, wameilipia tofauti hiyo kwa fedha taslimu.

Tuanze na istilahi yenyewe. Neno ‘kikoa’ lililochukuliwa na wataalamu wa kompyuta kutafsiri dhana hii si geni katika Kiswahili. Wazee wa pwani wanajua kula kikoa: watu kadhaa hukubaliana kula pamoja, na leo chakula kinatoka kwa huyu, kesho kwa yule. Kikoa, kwa maana yake ya asili, ni shirika la sahani moja. Sijui kama walioliteua neno hili walikuwa wanacheka kimoyomoyo, maana jina la kikoa katika intaneti ni kinyume cha shirika. Likishasajiliwa na mtu mmoja, halisajiliki tena na mwingine hadi aliachilie. Sahani ni moja, naam, lakini mlaji naye ni mmoja.

Mfumo wa majina haya ulibuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris, akishirikiana na Jon Postel, nchini Marekani. Kabla yake, kompyuta zilitambuana kwa tarakimu, na orodha ya majina ilitunzwa mahali pamoja kama daftari la duka. Jina la kwanza lenye tamati ya .com, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. Sisi Kenya tulipata tamati yetu ya .ke mwaka 1993, wakati ambapo simu ya mezani yenyewe ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi nje ya miji mikubwa. Leo usajili wake unasimamiwa na shirika la KENIC, na tangu 2017 mtu anaweza kusajili jina linaloishia moja kwa moja kwa .ke, pasipo ile ‘co’ ya katikati.

Kwa miaka kumi ya mwanzo usajili ulikuwa bure. Ada ilipoanza kutozwa mwaka 1995, dola 100 kwa miaka miwili, watu walikuwa wameng’amua jambo: maneno ya kawaida ya Kiingereza yalikuwa yanaokotwa kama maembe chini ya mti. Mwaka huohuo kampuni kongwe ya sabuni na dawa, Procter & Gamble, ilijisajilia majina mengi ya aina hiyo. Haikuchagua majina ya bidhaa zake, bali ya matatizo ya wateja: mba, harufu mbaya ya kinywa, hata kuhara. Waliwaza kwamba mgonjwa wa kuhara ataandika ‘diarrhea.com’ na kufika kwenye dawa yao. Miaka mitano baadaye, mwaka 2000, kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba inauza mengi ya majina hayo. Kumbe mgonjwa alikuwa anatafuta dawa kwa jina la dawa, lile aliloambiwa na daktari au jirani.

Lakini soko halikusikia funzo hilo. Jina business.com liliuzwa dola 150,000 mwaka 1997, na miaka miwili baadaye likauzwa tena dola milioni 7.5. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ambayo yule mtu wa Nairobi anaifanya hadi leo: kukalia neno kama mtu anavyokalia ploti, akingoja barabara ipite.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha vitabu. Mwaka 1992, katika mji wa Cleveland, Charles Stack alianzisha duka la vitabu la kuagizia kwa kompyuta, na baadaye likawa na anwani ambayo leo ingemtoa mtu udenda: books.com. Neno lenyewe, ‘vitabu’, lisilo na kiambishi wala kishaufu. Mwaka 1995 akatokea mpinzani ambaye jina lake halikutaja kitabu, karatasi wala wino. Jeff Bezos alikuwa amewaza kuiita kampuni yake Cadabra, akaacha kwa sababu mtu aliyeambiwa jina hilo kwa simu alisikia neno la Kiingereza la ‘maiti’. Akachagua jina la mto, Amazon. Leo mwenye kuandika books.com hupelekwa kwa Barnes & Noble, kampuni kongwe ya vitabu iliyokuja kulimiliki jina hilo. Mto ulilishinda neno. Barnes & Noble wenyewe, ingawa wana neno ‘vitabu’ mkononi, hawakubadilisha bango la duka lao. Wameliweka neno hilo kuwa mlango wa uani unaoingiza watu kwenye nyumba ileile.

Hapa nyumbani tuna ushahidi wa zamani kuliko huo, na hatuhitaji kompyuta kuuona. Mwaka 1908 Lord Delamere alianzisha kampuni ya kusaga nafaka akaiita Unga Limited. Fikiria ujasiri huo! Neno la kila jiko, la kila mama, likawa jina la kampuni moja ya mlowezi. Kampuni ingali hai, na kule Arusha, Tanzania, mtaa mzima unaitwa Unga Limited kutokana na kinu kilichokuwa huko. Kama kuna biashara katika Afrika Mashariki iliyowahi kumiliki neno msingi, ndiyo hii.

Lakini nenda dukani leo usikilize. Hakuna anayesema, “Nipe unga wa Unga.” Atasema, “Nipe Jogoo,” na Jogoo ni nembo ya kampuni hiyohiyo ya Unga. Wapinzani wake nao ni Pembe, Soko, Dola. Jogoo hasagwi, pembe haiwi ugali. Kampuni iliyobahatika kuwa na neno la wote ilibidi itafute jina la mmoja ili mteja aweze kuitofautisha na wenzake rafuni. Neno ‘unga’ liliieleza bidhaa barabara, na kwa kuieleza barabara likashindwa kusema ni ya nani.

Mwendo wa kinyume nao upo, na ndio raha ya wanaisimu. Kimbo lilikuwa jina la mafuta ya kupikia ya kampuni moja, likawa jina la mafuta yote ya aina hiyo katika vinywa vya watu. Omo likawa sabuni yoyote ya unga. Kiwi ikawa rangi ya viatu. Hapo nomino ya pekee inateremka ngazi na kuwa nomino ya kawaida, na mwenye nembo anabaki kujipongeza na kulia kwa wakati mmoja. Kuna pia majina yaliyoanza kama maelezo yakaviringishwa hadi maelezo yakapotea. Nakumatt lilitokana na ‘Nakuru Mattresses’, magodoro ya Nakuru. Naivas lilianza kama duka la kujihudumia la Naivasha. Ukikata neno msingi kwa kisu hadi lisitambulike, unapata jina lako mwenyewe. Kwamba Nakumatt ilikuja kuanguka ni habari nyingine. Haikuangushwa na jina.

Na M-Pesa je? Hapa msomaji ana haki ya kunikata kauli. Tangu Machi 2007, si neno msingi ‘pesa’ ndilo lililowatajirisha Safaricom?

Hebu tulitazame neno hilo. ‘Pesa’ lilitujia kutoka Bara Hindi, kutoka ‘paisa’. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu zake za paisa mwaka 1888. Wajerumani wakapiga za kwao mwaka 1890, zikaitwa pesa. Waitaliano, katika koloni lao la Somalia, wakatoa ‘besa’ mwaka 1909. Kwa hivyo neno hili limetumiwa na mamlaka tatu za kigeni kwa sarafu tatu, na hakuna hata moja iliyoweza kulizuia lisiende kwa jirani. Safaricom pia haikuweza. PesaPal ilikuja 2009, SportPesa 2014, PesaLink ya mabenki 2017, na ng’ambo ya mpaka kulikuwa na Tigo Pesa. Wote wamekula kikoa katika sahani ya ‘pesa’. Kilicho cha Safaricom ni ile herufi M na kistari chake, pamoja na mawakala waliosambazwa hadi kwenye vibanda vya Rhamu. Neno lilisaidia mteja kuelewa huduma siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili, uaminifu wa wakala ndio uliofanya kazi.

Sheria nayo inalijua jambo hili. Sheria yetu ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inataka alama iwe na upekee. Neno linaloeleza tu aina au sifa ya bidhaa halisajiliki hivi hivi kama mali ya mtu, maana ukimpa mmoja ‘vitunguu’, wengine watauza nini? Marekani suala hili lilifika mahakama ya juu kabisa. Ofisi ya alama za biashara ilikataa kusajili Booking.com, ikisema ‘booking’ ni neno la kawaida na ‘.com’ haiongezi kitu. Tarehe 30 Juni 2020 majaji wanane dhidi ya mmoja waliipa kampuni ushindi. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya kiisimu: maana ya jina haiamuliwi na kamusi peke yake, bali na watumiaji wanavyolisikia. Katika uchunguzi uliowasilishwa, takriban asilimia 75 ya waliohojiwa waliiona Booking.com kuwa jina la kampuni, si jina la kazi. Lakini tujiulize asilimia hiyo ilipatikanaje. Ilipatikana kwa miaka ya matangazo yanayogharimu fedha ambazo Rhamu yote haina. Hotels.com ilikuwa imekataliwa na mahakama nyingine mwaka 2009.

Kuhusu ahadi ya yule mwuzaji kwamba kila atafutaye vitunguu ataangukia kwa Hassan, niseme kwa ufupi: ilikuwa na ukweli zamani. Mitambo ya utafutaji ilivipa vikoa vilivyolingana na neno lililotafutwa nafasi ya mbele, na walaghai wakajaza intaneti kurasa tupu zenye majina matamu. Septemba 2012 Google ilitangaza mabadiliko ya kupunguza nguvu ya tovuti hafifu zilizotegemea jina tu. Anayeuza jina leo kwa ahadi ya kabla ya 2012 anauza tiketi ya basi lililokwisha ondoka.

Lakini kuna sababu nyingine, ya huku kwetu kaskazini mashariki, inayonifanya nisite zaidi kuliko hizo zote. Ni historia ya neno ‘hawala’.

Hawala ni neno la Kiarabu, nasi tunalo katika kamusi zetu tangu jadi: hati au njia ya kumwezesha mtu kupokea fedha mahali pengine. Wasomali wanaandika ‘xawaalad’. Mzizi wake una ukoo wa kushangaza. Kutokana na konsonanti zilezile za Kiarabu tumepata ‘hali’, tumepata ‘hila’, na tumepata ‘muhali’, kile kisichowezekana. Kiini chao wote ni kubadilika au kugeuka. Hawala ni kugeuza: pesa iliyotolewa Minneapolis inageuka kuwa pesa inayopokelewa Mandera, na hakuna noti iliyosafiri.

Neno hili liliishi kwa amani hadi 2001. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, mnamo Novemba mwaka huo, Marekani iliifunga al-Barakaat, kampuni kubwa ya kutuma fedha ya Wasomali, kwa madai ya kufadhili ugaidi. Wataalamu wa tume iliyochunguza mashambulizi hayo waliandika mwaka 2004 kwamba madai hayo hayakuthibitishwa, lakini kufikia wakati huo ‘hawala’ lilikuwa limeingia katika magazeti ya Kiingereza likiwa neno la kunong’onwa. Halafu tukaja kwetu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha. Hadi ziliporuhusiwa kurejea mwezi Juni, familia nyingi za Garissa, Wajir na Mandera zilizotegemea fedha za jamaa walio ng’ambo zilikuwa zimekwama. Katika vichwa vya habari, aliyesimama kizimbani alikuwa ‘hawala’. Kampuni ilitajwa baadaye, ikiwa ilitajwa.

Sasa tazama kampuni zenyewe zilivyojiita. Iliyo mashuhuri zaidi ni Dahabshiil, iliyoanzishwa Burao mwaka 1970 na Mohamed Said Duale. ‘Dahab’ ni dhahabu yetu hii hii, na ‘shiil’ ni kukaanga au kuyeyusha: myeyusha dhahabu. Jina lina harufu ya kazi, lakini si kazi ya kutuma fedha. Nyingine ziliitwa Tawakal, Amal, Juba. Zilichagua tegemeo kwa Mungu, au mto. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotegemea kuitwa Hawala tu. Nadhani ndiyo sababu zilipofunguliwa tena wateja walirudi wakiuliza zipo wapi kwa majina yao. Neno la wote lina ubaya huo: likichafuka, halimchagui aliyelichafua. Kesho dawa fulani ya wadudu ikigunduliwa katika vitunguu vya mtu wa kaunti nyingine kabisa, watu watakaolikimbia neno ‘vitunguu’ hawatauliza kama Hassan alihusika.

Nilimweleza kijana haya yote kwa simu, naye kwa uvumilivu wa mwanafunzi mzuri akaniacha nimalize. Kisha akasema, “Sawa mwalimu, lakini neno lenyewe ni zuri au si zuri?” Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni mtu wa lugha, na kwamba bado sikuwa nimejibu la lugha.

Neno lenyewe lina matatizo. Kiingereza hutia wingi mwishoni, ‘onion’ na ‘onions’, mwanzo haubadiliki. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Mmoja atatafuta ‘kitunguu’, mwingine ‘vitunguu’, wa tatu ‘kitunguu maji’ asije akaletewa saumu. Mwenye umoja hana wingi, na mwenye wingi hana umoja. Inabidi anunue ngeli nzima. Isitoshe, wateja wa Rhamu si Waswahili watupu. Kisomali cha kitunguu ni ‘basal’, neno la Kiarabu, na wanunuzi wengi wa upande ule watalitamka hilo kwanza. Neno msingi la lugha gani, basi?

Kisha kuna maandishi. Jina la kikoa, kwa kanuni zake za awali, hukubali herufi za kawaida za Kilatini, tarakimu na kistari. Halikubali nafasi kati ya maneno wala ritifaa. Muuza ng’ombe wa Garissa atalazimika kuandika ‘ngombe’, na mwalimu wa shule ya msingi atamkata alama. Kukosekana kwa nafasi nako kunaweza kukuaibisha. Mtu akifungua duka la maua jijini akaliita kwa maneno hayo mawili, anwani yake itasomeka ‘mauajijini’. Jaribu kuisoma haraka uone kama hutaona mauaji na jini ndani yake. Bezos aliikimbia maiti moja tu.

Na hapo ndipo nilipomgeuzia kijana swali. Badala ya kununua ‘vitunguu’ kwa bei ya ngamia, je, abti amekwisha kusajili jina lake mwenyewe? Hakuwa amelisajili. Miaka 20 ya uaminifu, madereva wa malori wanaomjua kutoka Mandera hadi Garissa, na jina hilo liko wazi kwa yeyote anayetaka kuliokota. Hicho ndicho kilichonitia hofu, zaidi ya vitunguu. Biashara changa isiyojulikana inaweza kupata faida fulani kwa kujieleza kwa jina lake, kama mgeni anayevaa kibandiko kifuani. Biashara kongwe ina kitu cha kuibiwa.

Lakini jina la Hassan linaandikwaje? Oktoba 1972, serikali ya Somalia ilitangaza rasmi alfabeti ya Kilatini, ile iliyotokana na kazi ya Shire Jama Ahmed. Wasomi wale waliamua kutotumia vitone wala vistari juu ya herufi. Sauti ya ح ya Kiarabu wakaipa x, na ع wakaipa c. Hivyo Hassan ni Xasan, Ali ni Cali, Mohamed ni Maxamed. Miaka 11 kabla ya mfumo wa vikoa kubuniwa, walikuwa wametengeneza hati inayoingia katika vikoa karibu bila kubanwa, jambo ambalo Wafaransa na Wajerumani na alama zao walililia kwa miaka mingi. Shida ni kwamba Msomali wa Kenya husomea Kiingereza na Kiswahili, na kitambulisho chake huandikwa kwa mazoea ya karani. Mteja wa Mogadishu ataandika Xasan. Wa Nairobi ataandika Hassan kwa s mbili, au Hasan kwa moja. Mkamba mwenye lori ataandika alivyosikia.

Mji wenyewe nao una kesi yake. Rhamu! Kiswahili hakina silabi inayoanza kwa ‘rh’. Ukimwambia mtoto wa Mombasa aandike anachosikia, ataandika Ramu, na kuna ramani na hati zinazouandika hivyo hivyo. H ile imekaa tu pale kama mgeni aliyesahau kuondoka baada ya chakula. Katika barua haina madhara, maana tarishi ataelewa. Katika intaneti, herufi moja ni mlango wa nyumba nyingine.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa huu. Jina la mzee lisajiliwe kwanza, kwa tahajia anayoitumia kwenye bango lake, likifuatwa na jina la mji. Tahajia nyingine mbili au tatu ambazo wateja huziandika zisajiliwe pia na zote zielekezwe mahali pamoja, kama Barnes & Noble walivyofanya na ‘vitabu’ vyao. Ada ya kawaida ya usajili si ya kuuzia mifugo. Akibakiwa na fedha, na yule bwana wa Nairobi akishuka bei hadi ya mbuzi, basi ‘vitunguu’ naye anunuliwe awe mlango wa uani. Kwa bei ya ngamia, hapana.

Msomaji atasema nimelidharau neno la wote. Sivyo. Nina wivu nalo katika eneo moja: kamusi. Katikati ya miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Martin Benjamin alianzisha kamusi ya Kiswahili ya intaneti katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na mradi huo baadaye ukakaa katika anwani ya kamusi.org. Wakati huo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikuwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyochapishwa tangu 1981, kazi iliyokuwa katika kila maktaba ya shule. Neno ‘kamusi’, letu sote, lililazwa kwenye kikoa na mgeni aliyeamka mapema. Simlaumu hata kidogo. Alilitumia kwa kazi ya maana. Lakini kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeandika neno hilo peke yake hakufikishwa Dar es Salaam wala Nairobi. Hapo mwenye jina kubwa tayari angepata faida kwa kulikamata neno, kwa kuwa mtu akitafuta kamusi hataji mchapishaji. Hutaja kamusi tu. Vitunguu ni tofauti: hununuliwa kwa mtu, kwa mkopo wa wiki mbili, na kwa kuulizana hali ya watoto.

Juzi kijana alinipigia tena. Mzee amekubali kusajili jina lake na la mji, kwa tahajia tatu. Yule mwuzaji ameshuka bei, si hadi ya mbuzi bado. Na abti, ambaye simu ilikuwa kwenye spika, aliingilia kati kwa sauti ya mtu aliyezoea kupigania bei ya gunia. Alitaka kujua kama ile h ya Rhamu inalipiwa zaidi.